Majoho Thelathini

9 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Kama unasoma umesimama mlangoni, rudi ukae kwanza, maana najua tabia yako na najua kuna chungu jikoni. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, kikohozi kimeisha. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unasema "nzuri, nzuri, nzuri" halafu unakata, nabaki nimeshika kifaa kama mjinga.

Uliniuliza siku za mmisionari zinakwendaje. Asubuhi niko hospitali kuu, wodi ya wazee, nakaa na wagonjwa wasio na ndugu. Nawasomea, nawalisha, nawakata kucha. Mchana nina darasa la lugha. Nimeshajua kuomba samahani kwa namna nyingi sana, kwa sababu ndilo neno ninalolihitaji kuliko yote. Jumamosi jioni nasafisha chumba chetu cha ibada, ambacho si kanisa, Mama. Ni ukumbi wa mazoezi ya ndondi, juu ya duka la matairi. Wiki nzima vijana wanatwangana humo, Jumapili asubuhi tunapewa sisi. Nafuta jasho sakafuni, nasukuma pembeni yale magunia ya kupigia ngumi, napanga viti. Harufu ya glavu haitoki hata uifungie na kuiombea.

Lakini tunaimba. Tunaimba kweli. Jumapili iliyopita jirani wa ng'ambo ya barabara alifungua dirisha akatusikiliza mpaka mwisho.

Jambo la mwisho. Ofisi ya misheni imeandika. Muda wangu unakwisha mwezi wa nne, na wanataka jibu kabla Machi haijaisha: nitie saini miaka mitatu mingine, au nirudi nyumbani na huku kufungwe. Sijajibu. Niombee nijue la kufanya, ila usiniambie la kufanya. Najua hilo la pili litakutesa.

Binti yako,
Mkaidi


2 Septemba

Mwanangu Mkaidi,

Marahaba. Nilikaa kama ulivyoniamuru, na chungu kikaungua hivyo hivyo.

Barua yako ilisomwa kanisani kama kawaida. Habari ya saini niliiruka, hiyo ni ya nyumbani. Tulipofika pale jirani anapofungua dirisha, akina mama walipiga vigelegele, mwenyekiti wetu akalia, ingawa huyo hulia hata kwenye matangazo. Mimi nikauliza swali moja tu: wanaimba wamevaa nini? Hakuna aliyewahi kufikiria. Kwaya haiwezi kusimama mbele za Mungu kila mtu na shati lake, kama watu walio kwenye foleni ya maji.

Nitawashonea majoho. Usinibishie, kitambaa nimeshakichagua na akina mama wameshachanga. Wewe nitumie vipimo, kama wanavyofanya wateja wangu wote wa kwaya.

Hutaki nikuambie la kufanya. Sawa, sisemi. Nasema tu kwamba sikukulea uanze kitu ukiache katikati, na kwamba tulipokuwekea mikono pale mbele ya kanisa hatukuwa tunacheza. Zaidi ya hapo sisemi neno.

Usishangae mwandiko kuwa mkubwa. Kalamu hii mbovu.

Mama yako


20 Septemba

Mama,

Shikamoo. Kubishana na wewe nilishaacha tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo haya, vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Hapa nakujulisha wenyewe, usije ukawashonea kama watu wa dukani.

Wa kwanza ni Mzee Funguo. Ni fundi wa makufuli, na yeye ndiye mshika ufunguo wa ukumbi. Alianza kuja ibadani kwa sababu lazima mtu afungue, akawa anakaa kwa sababu lazima mtu afunge. Katikati hapo neno likamwingia, mwenyewe anasema hajui lilipitia wapi. Ni mrefu, mwembamba kama ngazi. Wa pili ni dada wa dobi, anafua mashuka ya hospitali. Mnene, mikono ya nguvu, anacheka kabla hujamaliza kusema. Wa tatu mimi. Mimi unanijua, ila punguza kiuno kidogo.

Nilitaka kukuambia neno kuhusu kwaya hii, lakini karatasi imejaa. Siku nyingine.

Mkaidi wako


28 Oktoba

Mwanangu,

Mzigo umeondoka leo. Kaka yako ameufunga kwa kamba kana kwamba ndani mna mbuzi mkorofi, andaa kisu. Rangi ni damu ya mzee, haishiki uchafu haraka. Vipimo vyako vilikuwa safi, mwembamba, mnene na mfupi, hivyo ndivyo fundi anavyotaka. Nimeshona mwenyewe, sikumpa mtu hata kifungo. Msipungukiwe.

Wasalimie wote.

Mama yako


24 Novemba

Mama yangu,

Shikamoo. Mzigo umefika. Niliufungulia ukumbini, Mzee Funguo akishika kamba na dada wa dobi akishika kisu. Tukatoa la kwanza, tukatoa la pili, tukatoa la tatu, tukashukuru. Halafu tukaendelea kutoa. Mama, majoho thelathini. Kumi ya mtu mwembamba, kumi ya mtu mnene, kumi ya kwangu mimi.

Nimeelewa ilivyokuwa. Kwaya zote zinazokuja kwako hukuletea watu watatu wa mfano, mwembamba, mnene na mfupi, nawe ukakata saizi hizo tatu kwa kwaya nzima. Ungejuaje kwamba mimi nimekutumia watu watatu kwa sababu ndio watu wote niliokuwa nao?

Basi ndivyo ilivyo. Tuko watatu. Tumekuwa watatu tangu mwaka juzi, na Jumapili nyingine dada wa dobi akiwa zamu tunakuwa wawili. Sikusema uongo, tunaimba na jirani alifungua dirisha. Lakini niliwaacha muone ukumbi umejaa, kwa sababu nilijua barua inasomwa kanisani, na nilishindwa kumfikiria mwenyekiti wenu akilia kwa ajili ya viti vitupu. Nisamehe. Nilipoyaona majoho yamelala kwenye viti nilikaa katikati yake nikalia mpaka Mzee Funguo akatoka kwenda kukagua kitasa ambacho hakikuwa na shida.

Sasa zamu yako. Wewe hupanga nguo kadiri unavyomaliza, ya mwisho hukaa juu. Majoho ya chini ya mzigo pindo lake limenyooka. Nikipanda juu, linaanza kutangatanga. La juu kabisa ni la saizi yangu. Pindo lake linapanda na kushuka, uzi wake ni mweusi badala ya damu ya mzee, na kwenye mkono mmoja ulisahau pini, imenichoma. Mama ninayemjua mimi angefumua joho hilo na kumnyima chai aliyelishona.

Usiniambie habari ya kalamu. Macho yako yakoje?

Mkaidi


12 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Anayeandika ni kaka yako, mimi nimeumia kidole.

Kwanza hayo majoho. Usiyarudishe, usiyagawe, usiyakunje. Yatundike. Umesema ni ukumbi wa ndondi, basi hakukosi ndoano za kutundikia. Joho likiwa sandukuni ni kitambaa. Likiwa ukutani mtu akiingia atajua kuna nafasi yake. Umeniudhi kuficha, hilo nakuambia wazi wazi. Watatu ni watu, si aibu. Mimi nimeomba miaka mingapi na baba yako peke yake kabla hajaokoka? Huyo alikuwa mmoja, na alikuwa anakoroma.

Kanisani nimesema mwenyewe, nimesimama nikawaambia wako watatu. Mwenyekiti alilia, lakini nimekwambia huyo ni wa kulia tu. Tumekubaliana tutaombea majoho yaliyobaki, kila mama na joho lake.

Macho ni umri. Tia saini karatasi yako tuendelee na mambo mengine.

Mama yako

Mdogo wangu, hapa ni mimi kaka. Mama amekwenda nje, naandika haraka. Hajaumia kidole. Jicho la kushoto halioni kitu, la kulia anaona kama kuna moshi. Chai anamimina kwa kusikiliza. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, anapasuliwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, wengi wamefanyiwa na wanaona. Mama amekataa. Nimebembeleza, nimenuna, nimemleta na mchungaji. Anasema hapandi kitanda cha daktari mpaka wewe uwe umetia saini, kwa sababu jambo likiharibika utaacha kazi ya Mungu uje kumshika mkono. Ameniapisha nisikwambie. Mimi ni fundi bomba, sijawahi kuona maji yakizuiwa na kidole, kwa hiyo nimekwambia.


5 Januari

Mama,

Shikamoo. Kaka, msomee hii polepole, na usiruke hata pale nitakapokuwa mkali.

Mama, kidole kimepona? Nashukuru.

Nianze na habari njema maana ni zako. Nilitundika majoho kwenye ndoano za glavu, ukuta mzima. Wiki hiyo mtambo wa kupasha joto ukafa. Baridi ya huku huijui, inauma hadi kwenye meno. Mzee Funguo akavaa joho juu ya koti, halafu akavaa la pili juu ya la kwanza. Dada wa dobi akaja kutoka zamu na wenzake wanne. Miaka yote miwili hao wamekuwa wakimsindikiza mpaka chini ya ngazi, halafu wanageuza. Mimi nilikuwa nimeshahukumu kwamba hawataki mambo ya Mungu. Kumbe walikuwa wanaona haya. Wanatoka zamu sare zimelowa, zinanuka dawa ya kufulia, na kwao mtu haingii ibadani na nguo ya kazi. Siku hiyo walipanda tu kumsaidia kubeba jiko la mafuta. Wakaona majoho. Mmoja akauliza kama yanakodishwa. Nikamwambia bure. Akavaa juu ya sare yake, akafunga vifungo mpaka shingoni, sare ikapotea, akakaa mstari wa mbele. Wenzake wakamfuata. Mimi nilikuwa nimewaombea miaka miwili wapewe hamu, kumbe walikosa cha kujifunika.

Wamekuja tena Jumapili mbili zilizofuata. Na jirani wa dirishani ameshuka. Kwa sauti yake ilikuwa afadhali abaki dirishani, lakini tumempokea.

Sasa sikiliza. Unataka nitie saini ndipo upasuliwe. Mimi nasema hivi: sitii saini mpaka uone. Kalamu ninayo, karatasi iko mezani, na Machi ikiisha mkono wangu ukiwa mtupu, nafunga mizigo narudi kukumiminia chai. Unafikiri unailinda kazi ya Mungu. Mimi nitasimama vipi mbele ya watu hawa niwaimbishe, nikijua mama yangu anapapasa ukuta kutafuta mlango kwa ajili yangu? Hapo sitakuwa nimetumwa, nitakuwa nimejificha. Umeshona majoho thelathini ya watu usiowajua, ukaamini wapo. Mwamini na daktari mmoja ambaye yupo na ana kitambulisho.

Naogopa, Mama. Nasema wazi. Naogopa wakikugusa jicho nami niko mbali. Lakini naogopa zaidi ukikaa gizani kwa ubishi halafu uite imani.

Nimetia na picha ndani ya bahasha. Alitupiga kocha wa ndondi, tumevaa majoho wote. Kaka, nakukataza kumweleza. Usimwambie tuko wangapi, nani kavaa lipi, nani kasimama wapi, mimi nimenenepa au nimekonda. Akitaka kujua, afungue macho yake.

Nakupenda sana.

Mkaidi


30 Januari

Mdogo wangu,

Umenitia kwenye matatizo makubwa. Mama alisikiliza barua, akaniambia nirudie, nikarudia. Akasema, "Huyu mtoto ni mkaidi, sijui karithi wapi." Nami nikanyamaza kwa sababu napenda maisha yangu.

Halafu akaomba picha. Akaishika karibu na pua, akaigeuza, akaipeleka dirishani, akaipeleka kwenye taa. Akaniuliza kwa upole mko wangapi. Nikasema nimekatazwa. Akaniuliza kwa ukali. Nikasema nimekatazwa. Akamwita mke wangu amweleze, mke wangu akasema ana kazi nje. Akaipeleka kanisani akawapa wenzake, lakini nilikuwa nimetangulia kuwaambia sharti lako, na mwenyekiti alilia akakataa kufungua mdomo. Mama alirudi nyumbani anafoka peke yake njia nzima, kwamba kanisa zima limenunuliwa na mtoto.

Siku zikapita, picha iko kifuani, ndani ya kitambaa. Nilidhani tumeshindwa. Jumapili iliyopita wakati wa maombi alisimama, akasema, "Naomba mniombee, lakini si mimi. Mwombeeni daktari mkono usimtetemeke, maana nina mambo ya kukagua."

Tunakwenda Jumatano. Jicho la kulia kwanza. Anaogopa, jana nilimsikia akiomba na sauti ilikuwa inakatika. Lakini nguo za kwendea ameshazipiga pasi mwenyewe, na ameziunguza.

Tutakuandikia likitokea lolote. Usipokee ubaya kabla haujaja.

Kaka yako


21 Februari

Mwanangu,

Marahaba ya safari zote. Tazama mwandiko. Umeona ulivyonyooka? Kalamu ni ile ile mbovu.

Daktari ni kijana mdogo kabisa, nilitaka kumuuliza kama mama yake anajua alipo. Lakini mkono wake ni mkono wa fundi, hautafuti-tafuti. Nililala pale nikamwambia Mungu kila nilichokuwa nacho moyoni, hata yale ya zamani, na sikuwa nimemaliza niliposikia "tayari, Mama." Kesho yake wakafungua bendeji. Wakaniuliza naona vidole vingapi. Nikawaambia waniletee mkoba wangu kwanza.

Nimeona picha.

Mko wanane. Nimehesabu kwa kidole, nikahesabu tena kwa raha zangu. Mzee Funguo amevaa joho la mnene, nani kamruhusu? Dada wa dobi ndivyo nilivyomfikiria, anacheka. Wale wanne wamefunga vifungo mpaka shingoni, Mungu awabariki. Jirani wa dirishani amefumba macho, bila shaka alikuwa anaimba. Nyuma yenu majoho yametundikwa ukutani, na moja liko upande upande, linyooshe.

Pindo, mwanangu. Nani alishona takataka ile? Niliona haya mbele ya muuguzi. Limepinda, limepanda, limeshuka, kana kwamba nilikuwa nashona nikikimbizwa. Na lililoharibika kuliko yote, lenye uzi mweusi, umelivaa wewe. Kuna majoho mazuri mengi hapo ya saizi yako, nawe umechukua lile. Nililitazama sana. Muuguzi akaniambia nisilie, dawa itatoka.

Umekonda. Kula.

Jicho la kushoto ni mwezi ujao. Ndani ya bahasha nimetia uzi wa rangi yake na sindano nzuri. Fumueni mapindo yote yaliyopinda mshone upya, wafundishe na hao wanne, kwa mkono, mishono midogo. Nitakagua picha nyingine.

Ulisema hutii saini mpaka nione. Nimeona. Kalamu iko wapi?

Mama yako


11 Machi

Mama yangu,

Shikamoo.

Nilisoma barua yako ngazini, nimesimama, sikungoja kukaa. Kisha nikapanda nikawasomea wote, na wale wanne wakapiga makofi nilipofika kwao. Mzee Funguo amesikitika kuhusu saizi, anasema lile la mnene lina joto.

Nimetia saini. Mzee Funguo alishuhudia, dada wa dobi akaipeleka posta mwenyewe nisije nikabadili nia. Miaka mitatu, Mama. Ukiugua huko nitakuja kukuona, kisha nitarudi huku. Tusifichane tena, si mimi si wewe.

Tumeanza kufumua. Jumamosi jioni tunakaa wote kwenye ulingo wa ndondi, ndiko kwenye taa nzuri, tunashona na kujifunza nyimbo papo hapo. Mishono ni midogo kama ulivyoagiza. Jumapili iliyopita mtu wa tisa alichukua joho kutoka kwenye ndoano bila kuuliza, nami nikajifanya sikuona.

Mapindo yote yatanyooka ukaguzi utakapofika. Isipokuwa la kwangu. Hilo silifumui, na usinilazimishe.

Binti yako,
Mkaidi